Wanaanza kupotea wiki ya nne

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi, nafundisha mekanika kwa mwaka wa kwanza wa uhandisi katika chuo kimoja hapa Mwanza. Kila Novemba darasa linajaa mpaka wengine wanasimama mlangoni. Ikifika muhula wa pili benchi za nyuma ziko wazi, na mwaka wa pili sura nilizozizoea zimepungua sana. Wengine wamedisko, yaani wameondolewa chuoni kwa kufeli, wengine wameahirisha, wengine hawajaaga mtu. Wakubwa zangu wananiambia hawa vijana hawana msingi, nisijitese. Sina cheo wala bajeti. Je, mtu kama mimi anaweza kulipunguza hili?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Katika barua yako kuna maneno mawili yaliyonikaa kifuani: "hawajaaga mtu." Aliyedisko ana barua mkononi. Aliyeahirisha amejaza fomu na jina lake lipo kwenye faili. Lakini kijana anayekunja godoro lake gheto kwake Buhongwa au Mkolani, akapanda basi stendi ya Nyegezi na kurudi kwao bila kumwambia yeyote, huyo tulimpoteza siku nyingi kabla hajalikunja hilo godoro. Nimefundisha hisabati za uhandisi kwa zaidi ya miaka thelathini, na jibu langu kwako ni ndiyo, unaweza. Wengi hawapotelei kwenye chumba cha mtihani. Wanapotea kati ya wiki ya tatu na ya sita ya muhula wa kwanza, kimya kimya, na mtihani unakuja baadaye kuandika jambo ambalo limekwisha kutokea. Profesa mwenye darasa la watu mia mbili hawezi kuliona. Mkuu wa idara analiona Machi, kwenye karatasi ya matokeo. Wewe unayewaendeshea semina, vile vipindi vidogo vya mazoezi, ndiye unayekaa nao karibu kiasi cha kuliona linapoanza.

Nianze na hilo la "hawana msingi", maana likikuingia moyoni hutafanya chochote.

Katikati ya miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alikuwapo kijana aitwaye Uri Treisman, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aliyekuwa akisaidia kufundisha kalkulasi, nafasi inayofanana na yako. Wanafunzi Wamarekani weusi walikuwa wakianguka kalkulasi kwa wingi. Akawauliza walimu sababu, wakamjibu kwamba hawana ari, wametoka shule dhaifu, familia zao hazithamini masomo, ni maskini. Treisman hakuyaamini wala hakuyapinga. Aliwachukua wanafunzi ishirini weusi na ishirini wenye asili ya Kichina, akawafuata mpaka walikoishi na walikosomea, kwa miezi mingi. Aliyoyakuta yalimshangaza. Wale weusi walikuwa na ari kubwa, na familia zao zilikuwa zimejinyima ili wasome. Walitimiza kila walichoagizwa na mwalimu. Ila kila mmoja alisoma peke yake, kajifungia, na akikwama alidhani amekwama yeye tu. Wale wa asili ya Kichina walianza peke yao, kisha jioni wakakutana, wakala pamoja, wakasahihishana. Wakikuta swali lililowashinda wote walijua kuwa swali lenyewe ni gumu, si kwamba wao ni wajinga.

Sasa fikiria mwanafunzi wako. Amemaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei. Wengi wamepitia JKT, wengine wamekaa dukani kwa mjomba. Chuo kinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, miezi mitano au zaidi tangu ashike swali la PCM (fizikia, kemia na hisabati) mara ya mwisho. Shuleni kwao alikuwa wa kwanza au wa pili, kijiji kizima kinamjua kama mtoto mwenye akili. Anakwama kwenye swali la pili la mazoezi ya wiki ya pili. Unadhani atamwambia nani? Kusema "sijaelewa" kwake ni kama kukana jina ambalo watu wamempa tangu akiwa darasa la nne. Anaona afadhali akae kimya, asome usiku na madesa, zile notisi za kunakiliwa, ya mwaka jana, na testi ya kwanza ikirudi ina tisa juu ya ishirini na tano aifiche chini ya godoro. Kuanzia hapo anakuja darasani kwa kuibia, mpaka siku moja haji tena.

Miaka ya 1990 watafiti wawili wa Marekani, Elaine Seymour na Nancy Hewitt, waliongea na wanafunzi 335 katika vyuo saba, waliobaki sayansi na uhandisi na waliohama. Matokeo yao ya mwaka 1997 yamewasumbua wakuu wengi wa vitivo hadi leo, kwa sababu waliohama hawakuwa na uwezo mdogo kuliko waliobaki. Makundi yote mawili yalilalamikia mambo yaleyale: ufundishaji mbovu, mwendo wa kukimbizana, na kukosa mtu wa kumwendea. Kwa hiyo mkubwa wako akikuambia hawana msingi, usibishane naye. Muulize tu kwa adabu kama ana orodha ya alama za kidato cha sita za walioondoka na za waliobaki. Ikiwezekana muiangalie pamoja.

Treisman hakuanzisha darasa la wadhaifu, na hapa ndipo nakuomba usikie vizuri. Chuo kikitaka kuonekana kinajali, jambo la kwanza kinalofikiria ni masomo ya ziada kwa walioanguka. Siyapendi. Kijana ambaye tayari anaona aibu, unamwandikia jina lake kwenye ubao wa matangazo kwamba ni mmoja wa wasiojiweza. Haji, na akija anainamisha kichwa. Treisman aliwaita kwa heshima, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani, akawaketisha pamoja wapigane nayo. Waliopitia warsha zake walianza kufaulu kalkulasi kuwazidi wenzao waliozikosa.

Hilo unaliweza ndani ya semina yako bila kuomba kibali. Semina nyingi nilizoziona huwa ni muhadhara wa pili: mkufunzi anageukia ubao, anafumua maswali matano, darasa linanakili, saa inaisha. Wote wanatoka wakiamini wameelewa, maana kumtazama fundi akipiga plasta kunaonekana rahisi. Wagawe wanne wanne. Swali moja au mawili tu kwa saa nzima, yenye kuuma. Wewe zunguka. Kikundi kikikwama usiwape jibu, waulize tu: kani zote zinazokigusa hiki kitu mmezichora? Dakika kumi za mwisho ita mtu yeyote wa kikundi chochote aje aeleze, ili kila kikundi kihakikishe hata mnyonge wao ameelewa.

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakalinganisha madarasa ya mwalimu kuongea tu na madarasa ambamo wanafunzi wanafanya kazi wakati wa kipindi. Katika yale ya kuongea tu walianguka wastani wa karibu 34 kati ya 100. Katika yale mengine, karibu 22. Sijui dawa nyingine ya bei hiyo.

Vikundi vipange mwenyewe, usiwaachie wachaguane. Darasa lako la uhandisi lina watu wa aina mbili ambao hawazungumzi: waliotoka kidato cha sita na waliotoka diploma. Wa kidato cha sita ana kalkulasi yake lakini hajawahi kushika spana. Wa diploma amewahi kufunga boriti kwa mikono yake na anajua inapopinda, ila intigresheni inamtesa. Kila mmoja anamwogopa mwenzake. Waweke meza moja. Nimeona wa diploma akieleza momenti kwa kutumia mwiko wa ujenzi na mfuko wa saruji, na wale wa PCM wakaelewa jambo walilokuwa wamelikariri kwa miaka miwili. Wasichana usiwatawanye mmoja mmoja kwa ajili ya kuonekana una usawa. Binti mmoja kati ya wavulana watatu anageuzwa karani wa kuandika. Weka wawili pamoja, na siku ya kueleza ubaoni waite kama unavyowaita wengine.

Kisha kwizi ya wiki ya tatu. Dakika kumi, maswali mawili, alama kidogo au bila alama kabisa, na uirudishe kesho yake. Ukiirudisha baada ya wiki tatu haimsaidii mtu. Wanafunzi wetu wanasoma kwa kurudia kurudia madesa mpaka macho yanauma, na kurudia kunawapa hisia ya kujua. Jaribio la Roediger na Karpicke la mwaka 2006 lilionyesha kuwa anayefunga maandishi na kujaribu kukumbuka mwenyewe, baada ya wiki moja anakumbuka zaidi ya aliyerudia kuyasoma. Kwizi inamfundisha hilo bila hotuba, na wewe inakupa orodha ya kwanza ya watu wa kuwatafuta.

Kuna kundi ambalo kwizi hiyo itawakuta bado wana mabegi mkononi, wale wanaoripoti wiki ya tatu au ya nne. Orodha za mikopo zinatoka kwa awamu, na aliyekosa awamu ya kwanza anasubiri ya pili nyumbani, kwa sababu nauli na ada ya kuanzia hana. Akifika anakuta msawazo wa kani umekwisha, mnaingia kwenye miundo, na hakuna anayemrudisha nyuma. Wengi wa waliodisko mikononi mwangu, nilipofungua daftari, walikuwa hawa. Tenga jioni mbili za wiki ya nne kwa ajili yao, uwape msawazo peke yake, na mmoja wa wenzao waliouelewa awe nawe. Ukishindwa kufanya mengine yote ya barua hii, fanya hili.

Sasa pesa, na hapa nitakaa kidogo.

Zamani nilikuwa na mwanafunzi kutoka Ukerewe, katika chuo ambacho sitakitaja. Aliketi safu ya pili, mkimya, daftari safi. Wiki ya saba akakosa, ya nane akakosa, testi akakosa. Nikaandika sifuri nikaendelea na maisha yangu. Siku moja alfajiri nimekwenda Mwaloni, Kirumba, kutafuta samaki, nikamwona amebeba gunia la dagaa begani. Akalitua, akaniamkia, akainama. Mama yake alikuwa akinunua dagaa mbichi kwa mali kauli, anawaanika, anauza, analipa, na kinachobaki ndiyo ada. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, mzigo ukaoza mchangani. Ada haikutimia, mtihani asingeruhusiwa, akaona bora abebe magunia amalize deni kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Sikujua hilo ni la kumwambia mwalimu." Nilikimbilia ofisini siku hiyohiyo. Fomu ya kuahirisha ilikuwa ukurasa mmoja, na siku ya mwisho ya kuirudisha ilikuwa imepita kwa siku tisa. Hakurudi tena. Alikuwa na kichwa kuliko wengi niliowapa A. Kwa wiki mbili kiti chake kilikuwa wazi mbele ya macho yangu na sikuuliza, na kosa hilo ni langu mimi.

Wewe uko Mwanza, kwa hiyo jua pesa ya ziwa inavyokwenda. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukikaribia kujaa taa hazivuti samaki, mitumbwi inalala ufukweni, na nyumba nyingi za Kayenze, Igombe na visiwani hazina kitu cha kuuza mpaka giza lirudi. Mkulima wa pamba wa Magu au Kwimba naye anaona pesa mara moja kwa mwaka. Tarehe za ada hazifuati mwezi wala msimu. Kwa hiyo mzazi anayechelewa kulipa si lazima awe mzembe, na mara nyingi pesa ipo, inakuja wiki tatu baadaye. Barua moja ya kuomba kulipa kwa awamu, ikiandikwa kabla ya tarehe, inaweza kumwokoa kijana. Ikiandikwa baada ya tarehe, sana sana atapewa pole.

Wenye mkopo nao usiwafikirie kuwa wametulia. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 pesa ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini haiji kila siku. Bumu linaingia kwa mkupuo, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na nyumbani kuna mdogo wake anayesubiri sare ya shule. Nimewasikia walimu wakisema kwa dharau kwamba vijana wanalinywa bumu. Wapo. Lakini niliowafahamu mimi kwa karibu, wengi waliligawa. Wiki za mwisho wa muhula ndipo njaa inapouma, na ndipo pia mitihani inapokuja.

Huwezi kuwalipia ada, wala usijaribu, utafilisika na utakuwa umewasaidia wawili. Unachoweza ni kuwaambia wote kwa pamoja, wiki ya pili, darasani, kwa sauti ya kawaida: ada ikikwama nenda kwa mhasibu na barua kabla ya tarehe fulani, mkopo ukiupata pungufu, Bodi ya Mikopo huwa inafungua dirisha la rufaa, ukiugua au ukifiwa, kuna fomu ya kuahirisha, inachukuliwa ofisi fulani, inasainiwa na fulani, mshauri wa wanafunzi anakaa jengo fulani. Jaza hizo "fulani" mwenyewe, nenda ukaziulize, maana katika vyuo vingi hakuna anayezijua zote. Ukisema mbele ya wote, anayehitaji anasikia bila kuonekana.

Kuhusu lugha nitasema kidogo. Wanasoma kwa Kiingereza na mtihani ni kwa Kiingereza, lakini ndani ya kikundi waache wabishane kwa Kiswahili, hata kwa Kisukuma. Wakishaelewa, mmoja aandike hitimisho kwa lugha ya mtihani. Nimewahi kukatazwa jambo hilo, nikaendelea nalo.

Liko jambo la mwisho ambalo ni la moyo zaidi kuliko la mbinu. Mwaka wa kwanza wa uhandisi hauna uhandisi ndani yake. Ni kalkulasi, fizikia, michoro, tena kalkulasi. Kijana aliyekuja kujenga madaraja anamaliza mwaka hajaliona daraja. Na wewe unafundisha mekanika mahali ambapo mekanika imeandikwa kwenye mandhari. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 hivi juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025. Nauli ya kufika pale ni ndogo. Wapeleke Jumamosi moja, wasimame chini ya nyaya zile, kila kikundi kichore kani zinazopita pale, zinakotoka na zinakoishia.

Na liko la kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 1996, na la kivuko cha MV Nyerere, Septemba 2018, karibu na Ukara. Mamia walikufa katika ajali ya kwanza, zaidi ya 200 katika ya pili. Kitovu cha uzito kikipanda, mzigo ukiegemea upande mmoja, chombo kinapindukia. Hiyo ni mada yako ya wiki ya tano. Usiifundishe kwa haraka wala kwa kujionyesha, maana darasani mwako kuna watoto wa visiwani, na huenda yupo aliyempoteza mzazi. Waambie mapema kwamba mtaizungumza, na asiyetaka kuwapo asiwepo. Mara zote mbili nilizofanya hivyo hakuna aliyetoka, na niliona mgongo wa darasa zima ukinyooka. Walijua sasa kwa nini wanasoma.

Kwa sababu hiyohiyo usimpe mtu alama za huruma. Wapo watakaokushauri kwamba njia ya mkato ya kupunguza wanaodisko ni kulainisha mtihani. Chombo kama kile kesho kitakaguliwa na mmoja wa wanafunzi wako. Mtihani uache ulivyo, sogeza msaada uje mapema.

Nunua daftari la kaunta. Kila mwanafunzi mstari mmoja: jina, simu, ametoka kidato cha sita au diploma, ameripoti wiki ya ngapi, ada analipa nani, alama ya kwizi, na alama ya vema kwa kila semina aliyohudhuria. Lipitie kila Ijumaa, dakika kumi na tano zinatosha. Atakayekosa semina mbili mfululizo mpigie jioni hiyohiyo, usitume meseji. Usianze na kwa nini amekosa. Muulize kwanza kwao hawajambo, kisha nyamaza umsikilize.